Mama mgeni kati ya Wasawi, na mtoto aliyeleta amani

Juma hili tunawasimulia habari ya mama mmoja aliyekwenda kuishi mbali sana na kwao.

Ilikuwa mwaka 1962. Mama huyo, kijana bado, mwuguzi kwa kazi yake, alipanda mtumbwi akiwa amempakata mtoto wake wa kwanza, mvulana wa miezi saba. Mume wake alikuwa pamoja naye. Mtumbwi ulichongwa katika gogo moja la mti, kama ile tunayoijua kwenye mito yetu. Pande zote mbili za mto kulikuwa msitu na matope. Mbele yao, wanaume kwa wanawake walikuwa wamekusanyika kuwangoja kwa ngoma na kelele. Watu hao walijulikana na majirani zao wote kwa kukata vichwa vya maadui. Mama hakujua neno hata moja la lugha yao.

Jina lake ni Carol Richardson. Mume wake ni Don Richardson, mzaliwa wa Kanada. Mtoto ni Stephen. Walikuwa wanaingia katika nchi ya Wasawi, kusini ya kisiwa cha Guinea Mpya, karibu na bahari ya Arafura. Walikaa huko miaka kumi na mitano hivi.

Juu ya nini kuwaletea habari ya mbali hivi, wakati sisi wenyewe tunazo habari nyingi za wamisionari waliokuja kwetu? Tuna sababu mbili. Ya kwanza: hapa tunaona jinsi mgeni anavyojifunza kukaa na watu, na makosa anayoyafanya akiwa na moyo mzuri. Ya pili inatugusa zaidi. Habari hii inatuonyesha jinsi amani inavyopatikana kati ya vijiji viwili vinavyouana, na nani anayeilipa.

Tena shirika lililowatuma si geni katika Kongo. Liliitwa Regions Beyond Missionary Union. Ndilo lililokuwa na misioni ya Congo Balolo katika Équateur tangu 1889. Mmoja wa wamisionari wake kule Baringa, Alice Harris, ndiye aliyepiga mwaka 1904 picha ya baba aliyeketi akiutazama mkono na mguu wa binti yake, aliyeuawa wakati wa kazi ya mpira ya Leopold II. Picha hiyo ilionyeshwa Ulaya na Marekani, ikawafungua watu macho juu ya mateso ya babu zetu. Don na Carol walikuja miaka mingi baadaye, kwa shirika lile lile, upande mwingine wa dunia.

Nyumba juu ya nguzo

Nchi ya Wasawi ni nchi ya maji. Mito inajaa na kupungua, na ardhi kavu ni kidogo. Kuna mamba, ruba na mbu, na malaria haikosi. Nyumba zinajengwa juu ya nguzo ili maji yapite chini. Don alitangulia kujenga nyumba ndogo ya miti na majani karibu na kijiji cha Kamur, kando ya mto Kronkel, ndipo akaenda kumchukua mke na mtoto.

Tumfikirie huyu mama siku zake za kwanza. Hakuna soko wala duka. Jirani anayejua lugha yake hayupo. Mtoto akishikwa na homa usiku, mwuguzi ni yeye mwenyewe. Akitaka kujua kama mama wa nyumba ya pili amekasirika au anatania, lazima amtazame uso tu. Na watu walitaka kuwaona: namna wanavyokula, wanavyomwogesha mtoto, wanavyolala. Sisi tulioolewa mbali na kwetu tunaijua hali hiyo. Unaingia katika uwanja wa watu, macho yote yako kwako, na hata namna unavyoshika mwiko inachunguzwa.

Chakula cha Wasawi ni sago. Unga wake unatoka ndani ya mti unaofanana na mchikichi. Mti unaangushwa, shina linapasuliwa, na wanawake wanautwanga moyo wake mpaka unalainika. Kisha wanauosha kwa maji na kuuchuja. Unga unashuka chini, maji yanamwagwa, na unga unachomwa motoni. Mwanamke wa Kongo akisikia hayo anaelewa mara moja, maana naye analoweka muhogo, anaukamua, anautwanga na kuuchekecha. Kazi ni ile ile, na mgongo unauma mahali pale pale.

Katika shina la sago lililoachwa lioze wanakusanya funza wanene weupe, wanawaoka na kuwala kwa furaha. Mzungu anashtuka. Sisi hatushtuki: huko Équateur na Kinshasa tunawaita mposé, na sokoni bei yao si ya mchezo. Kitu ambacho kwa mmoja ni kichefuchefu, kwa mwenzake ni karamu.

Kidole na midomo

Kazi ya kwanza ya Don ilikuwa lugha. Hakukuwa kitabu wala mkalimani. Alikaa na wanaume katika nyumba yao ya mazungumzo saa nyingi kila siku, akisikiliza na kuandika.

Kuna jambo moja la mwanzo ambalo sisi walimu tumelipenda sana. Alianza kwa kuonyesha vitu kwa kidole ili apewe majina yake. Alionyesha hiki, akapewa neno. Alionyesha kile, akapewa neno lile lile. Alionyesha kingine tena, neno halikubadilika. Akashangaa: lugha gani hii yenye neno moja kwa kila kitu? Kumbe walikuwa wakimtajia jina la kidole chake! Wasawi hawaonyeshi kitu kwa kidole. Wanaonyesha kwa midomo, wakiichomoza mbele kidogo. Mama yeyote wa kwetu anayemwonyesha mtoto mahali pa kikapu huku mikono yake imeshika unga angemweleza Don mambo haya mapema.

Mgeni aliuliza swali zuri, na watu walimjibu kwa ukweli. Lakini hakupata alichotaka, kwa sababu aliuliza kwa desturi ya kwao. Mara ngapi sisi walimu tunamwambia mzazi kwamba mtoto wake "hajibu", bila kujiuliza kama tulimwuliza kwa namna anayoijua?

Lugha yenyewe ilikuwa nzito. Don alihesabu kwamba kitenzi cha Kisawi kina nyakati kumi na tisa. Watu ambao dunia iliwaita washenzi walikuwa na sarufi ya kumtoa jasho mwenye diploma.

Stephen hakuhitaji daftari. Alikua kati ya watoto wa Wasawi na akasema lugha yao kama wao. Carol alijifunza kupitia wagonjwa. Watu walimletea vidonda, malaria, watoto wenye kuhara, wanaume waliochomwa mikuki. Katika miaka iliyofuata kuna miezi aliyohudumia wagonjwa zaidi ya 2,000. Mkono unaoosha kidonda unazungumza kabla ya mdomo kujua kusema.

Shoka zilizoleta vita

Hapa tunafika kwenye kosa. Si kosa la ubaya wa moyo, na ndiyo sababu linatufundisha.

Wasawi walikuwa wanatumia shoka za mawe. Wamisionari walikuja na shoka za chuma, visu, ndoano na dawa. Kila kijiji kikataka kukaa karibu na vitu hivyo. Watu wa kijiji cha Haenam wakaja kujenga jirani na watu wa Kamur, kando ya nyumba ya wageni. Lakini vijiji vile vilikuwa na visasi vya siku nyingi. Zamani msitu na mto viliwatenganisha, na kila kundi lilijua mahali pa kupita na pa kutopita. Sasa waliishi mlango kwa mlango. Neno dogo la mtoto au la mwanamke kisimani liliwasha mikuki na mishale. Mapigano yalirudi tena na tena mbele ya nyumba ya Carol, mtoto wake akiwa ndani.

Don na Carol wakaona jambo chungu: watu hawa wanauana kwa sababu sisi tupo hapa.

Tuliposoma hayo tulinyamaza kidogo, maana nasi tumewahi kufanya vile. Miaka iliyopita familia zilizokimbia vita zilifika katika kata yetu. Chama chetu kilikusanya unga, sabuni, nguo na bidoni za maji. Tuliandika majina kwenye daftari, tukagawa kwa mstari, tukarudi nyumbani tumeridhika. Baada ya siku mbili wakaanza kugombana penye bomba la maji, waliopata na wasiopata, hata nguo zikapasuliwa. Sisi tukasema hawana shukrani. Mama mmoja mzee kati yao ndiye aliyetufungua macho. Alituambia taratibu kwamba tuliwauliza majina, lakini hatukuwauliza wanaishi vipi kati yao. Katika mstari ule mmoja tulikuwa tumewapanga watu waliokimbizana huko walikotoka. Mgawo wa pili tuliufanya pamoja naye na wamama wengine wawili wa pande zote. Bidoni zilikuwa chache kuliko za kwanza, na hakuna aliyegombana.

Yuda anashangiliwa

Don alipoanza kuijua lugha, aliwasimulia wanaume habari za Yesu. Walisikiliza bila kujali sana. Alipofika kwa Yuda, jinsi alivyokula na Yesu na kutembea naye miaka mitatu, kisha akamsaliti kwa busu, wote wakaamka. Wakashangilia! Kwao, shujaa wa habari ile alikuwa Yuda.

Don alibaki kimya. Baadaye alielewa. Wasawi walikuwa na msemo wa kumnenepesha mtu kwa urafiki ili umchinje, kama nguruwe anavyolishwa vizuri. Kumwua adui njiani ni jambo la kila mtu. Lakini kumkaribisha, kumlisha, kumfanya akuamini kabisa, halafu kumgeuka, hapo ndipo waliposema: huyu ni fundi.

Tusiwacheke haraka. Na sisi tunamjua mtu aliyekula mezani petu na baadaye akawaonyesha wengine mlango wetu. Tunajua pia jinsi vijana wanavyomsifu mjanja aliyefaulu, hata kama ufundi wake ni kuwalaghai wengine. Jamii inaweza kuuheshimu ubaya siku nyingi bila kuuona kuwa ni ubaya, kwa sababu unavaa nguo ya akili.

Lakini swali la Wasawi lilikuwa zito kuliko letu. Mahali ambapo hata urafiki unaweza kuwa mtego, mtu atafanya amani namna gani? Ukiniletea chakula, nitajuaje kama hukuanza kuninenepesha?

Maji baridi

Don na Carol waliwaambia watu kwamba wataondoka. Kama kukaa kwetu kunawaletea kifo, walisema, ni afadhali twende, nanyi mrudi kila kijiji mahali pake.

Watu hawakutaka waondoke. Usiku wazee walizungumza sana. Kisha wakamjulisha Don kwamba kesho yake watafanya amani. Katika lugha yao, kufanya amani ni kunyunyiziana maji baridi. Hata kwetu tunasema moyo uliotulia umepoa.

Kesho yake watu wa Kamur na wa Haenam walisimama pande mbili, wakitazamana. Hakuna aliyesema neno. Ndipo mwanaume mmoja wa Kamur, jina lake Kaiyo, akamchukua mtoto wake mchanga, mwana wake wa pekee, aitwaye Biakadon, akaanza kutembea kuelekea kwa maadui. Mke wake alipoelewa anakwenda wapi, alimkimbilia akilia kwa sauti, akaanguka kwenye matope. Kaiyo hakugeuka. Akafika kwa watu wa Haenam, akamweka mtoto mikononi mwa mmoja wao awe mtoto wake.

Mtoto huyo aliitwa mtoto wa amani. Watu wa Haenam wakaja mmoja mmoja, wanaume, wanawake na watoto, wakaweka mkono juu yake. Aliyemgusa alikuwa anaahidi: kwa ajili ya mtoto huyu, sitawapiga tena watu wa baba yake. Nao wakatoa mtoto wao mmoja kwa watu wa Kamur, naye akapokewa vile vile. Amani ilidumu siku zote ambazo mtoto yuko hai. Kwa hiyo watu waliokuwa wakimwinda baba yake, sasa walimlinda mwanawe na homa, na mamba na njaa, kama mboni ya jicho.

Hiyo ndiyo njia ambayo Wasawi wenyewe walikuwa nayo tangu babu zao. Kila urafiki waliweza kuutilia mashaka, lakini mtu anayempa adui yake mwana wake mwenyewe, huyo lazima aaminiwe. Hakuna anayefanya mtego kwa chambo hicho.

Wageni hawakuleta dawa ya vita ile, wala shoka zao hazikuileta. Ilikuwa mle mle ndani ya nchi, katika desturi ya watu ambao wageni walidhani hawajui lolote isipokuwa kuua. Don alipoiona ndipo alipopata maneno ya kuwaeleza Injili: Mungu naye alimtoa Mwana wake wa pekee kwa watu waliokuwa maadui zake, na Mwana huyo hafi tena, basi amani yake haina mwisho. Na Yuda? Sasa walimwona kwa macho mengine. Kumdhuru mtoto wa amani, kwao, lilikuwa kosa kubwa kuliko yote. Hawakumshangilia tena.

Mama aliyeanguka kwenye matope

Wahubiri wanaposimulia habari hii, macho yao yanamfuata baba. Sisi wamama macho yetu yanabaki nyuma, kwa yule aliyeanguka.

Yeye hakuulizwa. Alimzaa, alimnyonyesha, na asubuhi ile matiti yake bado yalikuwa na maziwa. Amani ya vijiji viwili ilijengwa juu ya kilio chake. Na Carol, aliyekuwa na mtoto mdogo nyumbani, aliishi jirani na mama huyo.

Hatulisemi ili kuwahukumu Wasawi. Hata katika sehemu za nchi yetu wazee wanatusimulia kwamba binti alitolewa kwa ukoo mwingine ili kulipa damu iliyomwagika. Vita viliisha, ndiyo, na watu waliishi. Lakini binti alilala usiku wa kwanza katika nyumba ya waliomwua kaka yake au waliouawa na kaka yake, na mama yake hakuwa na mahali pa kulia. Leo sheria yetu ya tarehe 10 Januari 2009 ya kumlinda mtoto inakataza uchumba na ndoa za watoto. Mtoto si malipo. Yeyote atakayetuambia kwamba desturi inaruhusu, tumjibu kwa adabu kwamba hata desturi inakua, kama mtu anavyokua.

Ila tusitupe hekima pamoja na maumivu. Hekima ya Wasawi ni hii: amani ya kweli ina gharama, na mwenye kuitoa gharama hiyo ndiye anayeaminika. Tumeona karatasi nyingi za amani zikisainiwa mezani, na waliosaini hawakutoa kitu chao chochote. Anayelipa ni mama anayebeba godoro kichwani, ni mtoto anayekosa mwaka wa masomo. Tunapodai wanawake wakae katika mabaraza ya amani, hatutafuti viti. Tunataka wale wanaolipa gharama waulizwe kabla ya kulipa.

Na kuna namna ya kuwafanya watoto wetu kuwa watoto wa amani bila kumng'oa hata mmoja titini mwa mama yake. Mtoto wa jirani wa kabila lingine anapokula katika sahani ya watoto wetu, anapougua tunapompeleka kituo cha afya kama wetu, tumeweka mkono juu yake. Kesho nani atatushawishi kuichoma nyumba ya mama yake?

Miaka iliyofuata

Dunia nayo haikusimama. Familia ilipofika, kisiwa kile upande wa magharibi kilikuwa chini ya Uholanzi. Mwezi wa Oktoba 1962 kikawekwa mikononi mwa Umoja wa Mataifa, na mwezi wa Mei 1963 kikaingia chini ya Indonesia. Sisi wa Kongo, tuliobadilishiwa bendera na jina la nchi zaidi ya mara moja, tunajua kwamba mabadiliko ya namna hiyo yanafika kijijini polepole, lakini yanafika.

Nyumbani kwa Carol watoto waliongezeka: Shannon, Paul na binti yao Valerie. Don aliwafundisha watu kusoma na akatafsiri Agano Jipya kwa Kisawi. Mwaka 1972 Wasawi walijenga kwa miti ya msituni jengo kubwa la duara, lenye nafasi ya watu wapatao 1,000, na ndani yake watu waliokuwa wakiwindana zamani wakaketi pamoja. Mwaka 1974 Don aliandika kitabu juu ya mtoto wa amani, na hivyo habari hii ikafika mbali. Baada ya mwaka 1977 familia haikukaa tena huko. Kazi ya kanisa ilibaki mikononi mwa Wasawi wenyewe.

Mwaka 2012, miaka 50 tangu siku ile ya mtumbwi, Don alirudi kuwatembelea pamoja na wanawe watatu. Watu walijaa ukingoni kuwapokea, kama mara ya kwanza. Stephen, yule wa miezi saba, sasa alikuwa baba mzima mwenye mvi. Carol hakuwa kati yao. Alifariki mwaka 2004. Don naye alifariki mwaka 2018.

Sisi tunabaki na nini?

Si kila mmoja wetu atapanda mtumbwi kwenda Guinea Mpya. Lakini kila mmoja wetu ni mgeni mahali fulani, au ana mgeni mlangoni. Bibi arusi katika ukoo wa mume wake. Mwalimu aliyetumwa kijiji asichojua lugha yake. Mama aliyefika jana na watoto watatu na sufuria moja. Kwa wote hao tunachukua mambo matatu.

Mgeni aanze kwa kuketi na kusikiliza. Shoka za chuma zilifika kabla ya lugha, na zikaleta mikuki.

Mwenyeji asijidharau. Mgeni anaweza kuwa na dawa na vitabu, lakini hekima ya kumaliza ugomvi wenu mara nyingi iko tayari katika midomo ya wazee wenu, wanaume na wanawake.

Na kila mahali amani inapozungumzwa, tuulize kwa sauti: nani analia matopeni, na je, ameulizwa?

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Siku za kwanza katika ukoo au kijiji kipya, ni kitu gani kilikushinda kuelewa? Nani alikusaidia, na kwa njia gani?

2. Tumewahi kutoa msaada ukaleta ugomvi? Tulikosa kumwuliza nani?

3. Kwa babu na bibi zetu, watu waliopigana walipatanishwa namna gani? Katika desturi hizo, tushike ipi na tuache ipi?

4. Katika mtaa wetu, ni mtoto wa nani ambaye hatujaweka mkono juu yake?

Kwenye swali la nne, wamama, tusijibu kwa maneno tu. Kabla ya mkutano ujao kila mmoja amwalike nyumbani mtoto mmoja wa jirani ambaye hatusalimiani na mama yake, ale pamoja na wetu. Tukikutana, tutaambiana jinsi mama yake alivyokuja kumchukua, na alisimama mlangoni au aliingia.